Alama Nyekundu Nisiyoiona

Jumatatu, 3 Yekatit
Barua imekuja. Kompyuta zote za mahakama zibadilishiwe mfumo, ule wa zamani hauhudumiwi tena. Zenebech, jirani yangu wa meza, kaisoma kwa sauti kwa vile mimi sina macho. Wote wanashangilia — mashine zitakuwa nyepesi! Mimi sijashangilia. Miaka kumi na mmoja nachapa ushahidi hapa Dessie kwa msaada wa ile programu inayonisomea masikioni kila herufi ninayoigusa. Waliotengeneza sauti yake ya Kiamhara walishafunga duka zamani. Mfumo mpya ukiikataa je?

Jumanne, 4 Yekatit
Zenebech kabadilishiwa. Saa moja tu! Kapiga vigelegele kama yuko harusini. Nimecheka naye.

Jumatano, 5 Yekatit
Fikadu, fundi kompyuta, kaipima mashine yangu.
"Dada Aregash, kuna alama nyekundu moja."
"Kwenye nini?"
Kashusha sauti. Nikajua.
"Hiyo inayokusomea. Haipatani na mfumo mpya. Ila usiogope, mfumo mpya una sauti yake."
Kanikalisha kwenye mashine ya Zenebech nijaribu. Sauti ya mwanamke, laini, ya kizungu. Nikachapa jina la mama yangu kwa Kiamhara. Ikasema: herufi haijulikani. Herufi haijulikani. Herufi haijulikani.
Fikadu kakohoa. Nikamwambia basi niachie wa zamani. Haiwezekani, eti — mashine isiyobadilishwa itakatwa kwenye mtandao. Amri imetoka juu.
Mchana mchuzi wa shiro umenishinda. Nimemega mkate wa injera mara mbili tu.

Ijumaa, 7 Yekatit
Ukuta mwembamba. Nimemsikia Ato Wubshet, mkuu wetu, akiongea na mtu: akishindwa tutamweka kwenye simu, awe anapokea tu. Masikini, si kosa lake.
Masikini! Miaka kumi na mmoja, na hakimu hajawahi kunirudishia ukurasa.
Kwenye simu walimweka Gizaw, kipofu mwenzangu. Miezi minne, kisha wakaona simu zenyewe hazipigwi. Yuko kwao sasa.
Fikadu anasema atairudisha programu yangu kwa nguvu baada ya kubadilisha. Itakubali? "Nusu kwa nusu, dada."

Jumapili, 9 Yekatit
Wenzangu kanisani wanaombea wagonjwa. Mimi nimeombea programu. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 10 Yekatit, saa sita mchana
Nadunga nukta nundu hizi, maandishi yetu vipofu, mezani kwangu kazini. Sijawahi kuandika shajara huku. Lakini mikono lazima ishike kitu.
Asubuhi Zenebech kanihesabia asilimia za mashine yangu zilivyokuwa zinapanda. Arobaini. Sabini. Mia! Fikadu akairudisha programu, akahangaika, akasema, "Haya dada, vaa hedifoni."
Nikavaa. Nikabonyeza herufi. Kimya. Nikabonyeza nyingine. Kimya kama cha kisimani.
Ato Wubshet alikuwa nyuma yangu. "Vipi, inasema?"
Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Inasema."
Vigelegele vya Zenebech! Fikadu: "Si nilikwambia?" Kafunga mkoba, kaenda zake wilaya nyingine.
Nimedanganya. Na kazi ilikuwa inanisubiri: ushahidi wa mjane mmoja, wanamnyang'anya shamba. Hakimu anausoma kesho saa tatu. Rekodi za mahakamani zinasikika, kwa hilo nashukuru. Sauti ya mama wa watu inatetemeka, anataja mipaka ya shamba, mti kwa mti. Nimechapa kurasa tatu bila kusikia herufi hata moja. Nikajiambia vidole vinajua. Vidole vinajua, lakini mashine je? Herufi za Kiamhara zimewashwa, au nimemwandikia mjane herufi za kizungu tupu?
Ningemwomba Zenebech atazame. Lakini angejua nimedanganya.
Nikaamuru printa. Iko ofisini kwa Ato Wubshet. Nimeisikia ikitema karatasi: moja, mbili, tatu.
Kiti chake kimeburutwa. Anakuja, karatasi zinachakarika mkononi. Zenebech ameacha kutafuna.
Amesimama mbele ya meza yangu. Nasikia anavyopumua, anageuza ukurasa, anaurudisha.
Naendelea kudunga; hizi angalau nazisoma mwenyewe kwa kidole.