Sabiri Ametuchosha na Mapango

Hamrun, Malta

Kwako dada yangu Mwatumu,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mahindi ya Mazingara yamepata mvua. Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila mimi kichwa kinaniuma, na anayeniumiza ni ndugu yako Sabiri. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa sauti kwenye simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Atakuletea Godlisten, yule fundi wa Hale, anakuja likizo.

Dada, wewe ndiye uliyemwona Mama alivyoililia safari hii. Alitaka kukaa na mwanawe, ampikie, amwulize habari zake. Basi tangu tushuke kwenye ndege hatujakaa. Sabiri anaendesha basi dogo la watalii, na sisi katufanya watalii. Asubuhi anatugongea kwenye chumba alichotupangia, anatupakia, twende. Nilipomwuliza kwa nini hatufikii kwake, alisema kwake panapakwa rangi. Rangi gani hiyo isiyokauka?

Alianza na pwani. Tulivalishwa maboya, tukaingizwa kwenye mashua ya injini mpaka ndani ya mapango ya baharini. Maji yake mazuri, sikatai, utadhani mtu kamwaga buluu ya kufulia. Lakini Mama alifumba macho mwanzo hadi mwisho, anasoma Ayatul Kursi. Tulipotoka akasema mapango ya Amboni yako pale Tanga na hakuna mtoto aliyewahi kumpeleka, sasa kapandishwa ndege kuja kutafuta pango.

Kesho yake, pango jingine. Humo walichimbua mifupa ya viboko wa zamani sana, na watu wanalipa kiingilio kuitazama. Mama akamwuliza Sabiri kama amesahau kwamba kwetu viboko wanatoka mtoni wazima na kula mahindi ya watu. Baada ya hapo yakaja mahekalu ya mawe makubwa, ya kale kuliko Firauni, yamefunikwa turubai kama la harusi. Magoti ya Mama yakavimba. Kilichomfurahisha ni kimoja tu, watu wa hapa wanahesabu karibu kama Kiarabu cha chuoni, hata mlango wanauita karibu kama bab ya Kiarabu. Akawa anahesabu mikate pamoja na muuzaji, wanacheka, mpaka Sabiri akatuhimiza tuondoke tutachelewa. Tutachelewa wapi? Kwenye mawe mengine.

Na kila Mama alipomgusa kwa swali, alikimbilia historia. Unakula nini, mwanangu? Anajibu habari za Wafoinike, mabaharia wa kale. Utaoa lini? Anatuonyesha ukuta. Nilimwambia waziwazi kwamba tumevumilia vya kutosha, akawasha gari.

Juzi akatupeleka chini ya ardhi. Ni vyumba juu ya vyumba vilivyochongwa ndani ya mwamba, na watu wa kale walizikana humo kwa maelfu. Tulipopanda juu, Mama akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu na kukataa kuingia garini.

“Sabiri, sikuja kuona mawe,” akasema. “Nimekuja kuona unapolala. Nionyeshe, au nirudishe uwanja wa ndege.”

Sabiri akafunga mlango wa basi. Kisha akasema tuliache hapo, tutembee. Nilimfuata nikilalamikia viatu njia nzima, nadhani tunapelekwa kwenye pango. Akatuingiza makaburi ya Waislamu, kando ya msikiti, akasimama penye kaburi dogo. Nikasoma jiwe kwa sauti: Tatu Sabiri. Tatu ni jina la Mama. Dada, kwanza nilipandwa na hasira, nikaona ni mzaha gani huu.

Ndipo akasema. Ana mke, anaitwa Rita, mzaliwa wa hapa, na ndoa ilifungwa msikitini. Mwaka jana walipata binti, akazaliwa na moyo mbovu, hakufika arobaini. Hakutuambia habari za ndoa kwa kuogopa Baba Mdogo Mdoe, aliyeapa kwamba mke wa huko hatamtambua. Mtoto alipokufa akashindwa aanzie wapi. Kila asubuhi, anasema, alitoka na nia ya kutuleta hapa, akifika njia panda anakata kona kuelekea pango.

Mama hakulia mwanzoni. Alisema, “Umenizungusha kwenye makaburi ya watu wasiojulikana hata majina, na mjukuu wangu yuko hapa.” Akachutama na magoti yake yale, akang'oa majani kaburini moja moja, akasoma Yasini yote. Sabiri alilia mpaka nikamwonea huruma, ingawa sikutaka. Mama alipomaliza akamwambia, “Sasa nipeleke kwa mkwe wangu.”

Hapa ninapoandika tuko kwao. Rangi hakuna. Rita alitufungulia mlango nusu tu, maana Sabiri alimwambia tungemkataa. Mama hakungoja mkalimani, alimkumbatia palepale mlangoni. Tangu hapo wako jikoni, huyu haelewi la huyu, na wote wawili wanalia na kupika. Mimi Sabiri bado nimemnunia, nisikufiche. Mtoto wa ndugu yangu azaliwe na azikwe, mimi niko Korogwe nashona magauni ya harusi za watu?

Mama anakuomba umwambie Baba Mdogo habari hizi, na akitaka kugomba amngoje yeye, atakuja kujibu mwenyewe. Tarehe ya kurudi usituulize. Nisalimie shemeji na majirani wote wanaotuulizia, uwabusu watoto.

La mwisho, dada, msome hitma Ijumaa, na mtoto atajwe kwa jina lake, Tatu binti Sabiri. Ila mwambie shehe aseme wazi kwamba ni mjukuu, watu wasije wakadhani Mama amefia huku. Mama mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hilo, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akicheka huku machozi yakimtoka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Hajira