Baiskeli Nyekundu

Jumanne jioni

Na bado nasikia kicheko cha binamu yangu Désiré. Baba aliniundia baiskeli nyekundu ya mbio kwa kipimo changu. Baada ya matanga yake, Désiré aliichukua, akaniachia ya baba mwenyewe, ambayo nikisimama nimetanua miguu juu ya fremu, vidole vya miguu tu ndivyo vinavyogusa chini.

“We mutoto, utazoea,” alisema mbele ya wote. Akacheka.

Leo amekuja peke yake, ameinama kama mzee.

“Dada, mugongo unaniuma. Na magoti inagonga usukani.”

Sasa mimi ni dada! Fremu ni ndogo kwake, na tandiko liko chini mno. Baba alinifundisha kupima: tandiko kwapani, vidole vya mkono vifike pale pedali zinapozungukia. Ningeweza kumwambia alipandishe.

“Shusha tandiko zaidi,” nilisema polepole.

“Merci, dada.”

Jumapili tunashindana hadi kizuizi cha wanajeshi, risasi zikinyamaza, na mshindi atachagua baiskeli. Naogopa risasi. Naogopa kuanguka na fremu hii ndefu.

Nitaomba msamaha kwa Mungu. Jumatatu.