Majani ya Mlimau wa Muriel

Nyumba Na. 9, Njia ya Kinu,
Hexham.
Jumapili, 14 Januari 1979

Mpendwa dada Enid,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo asubuhi, mbele ya shahidi mmoja ambaye ni paka, jani la mwisho la mlimau limeanguka.

Kabla sijaendelea, hujambo wewe? Goti la shemeji Lionel linaendeleaje, na jua la huko Tasmania bado linawachoma? Huku theluji imefika kwenye kitasa cha lango. Mimi ni mzima wa mwili. Muriel, kama nilivyokuandikia, bado amelazwa, na Jumanne watamfungua kifua wautengeneze moyo. Nimeiandika sentensi hiyo mbiombio ili niipite.

Sasa mlimau. Ni ule alioupanda kwa mbegu mwaka tuliooana, akaufanya malkia wa chumba chake cha vioo kule nyuma. Siku anaondoka alinishika bega akasema, "Humphrey, mimi watanitunza. Wewe nitunzie ule." Nilicheka. Tangu hapo sikucheka tena hadi leo.

Maana majani hayakungoja. Nikaongeza moto kwenye jiko la mafuta ya taa, yakadondoka. Nikapunguza, yakadondoka. Nikayafuta moja moja kwa maji ya vuguvugu kama ninayeogesha kichanga. Niliyoyafuta ndiyo yaliyotangulia. Usinione mjinga, Enid, lakini limeniingia wazo kwamba mti ule ukikauka, naye… Umenielewa. Siku hizi nasimama jikoni, mkono kwenye kitasa, nasikiliza kwanza. Jani la mlimau likianguka sakafuni lina sauti. Sikujua.

Jana nikamkamata mhalifu. Majirani huja kunijulia hali, nami huwakaribisha mle kwenye vioo, ndiko kwenye joto, nikawapikia chai. Naenda kuleta biskuti, narudi, namkuta Bi. Oxley wa nyumba ya pili kainamia chungu cha mlimau, anamimina kikombe kizima.

"Bi. Oxley! Unafanya nini?"

"Aa, niliona una kiu."

"Nani, mti?"

"Usinikodolee macho hivyo, jirani. Chai yako ni lami. Wote tunaimwaga humo. Hata mchungaji."

"Si mngeniambia tu!"

"Tukwambie, na mkeo yuko hospitali? Sisi watu wa adabu, bwana."

Basi mtaa mzima ulikuwa ukiuua mti wa mke wangu kwa adabu. Alipoondoka nikauchimbua udongo: mweusi, umelowa chapachapa. Nikaubadilisha wote kwa pupa hata nikavunja chungu, nikauhamishia mti kwenye ndoo ya makaa.

Leo nimekwenda hospitali kukiri. Nilijikaza njia nzima, theluji ikiingia viatuni.

"Muriel, mlimau wako umebaki vijiti."

Akajiinua kidogo kwenye mto. Kisha akauliza, "Huu mwezi gani?"

"Januari."

"Basi. Kila Januari unapukutika, baridi ya vioo ile. Miaka yote hii hujawahi kutia mguu mle kabla ya Pasaka, ungejulia wapi?"

"Na chai je? Wameumwagia chai!"

"Humphrey, mpenzi, na mimi je? Unadhani huwa naimwaga wapi?"

Tukacheka mpaka muuguzi akatukemea. Lakini kicheko kilipoisha alinishika mkono wa koti, wala hakuuachia hadi kengele ya kutuondoa wageni ilipolia. Nilimfunika miguu, ingawa ilikuwa imeshafunikwa.

Kwa hiyo sasa sina mti wa kuuhofia, dada, na Jumanne iko palepale. Nimepiga pasi shati nitakalovaa. Nimelipiga mara ya pili. Najua barua hii itakufikia Jumanne ikiwa imeshapita, lakini tuombee. Ninyi huko mnaamka kabla yetu, maombi yenu yatatangulia.

Nisalimie shemeji, umbusu mpwa wangu Rosalind na watoto wake, na umwambie Lionel goti halitibiwi kwa kukaa. Mungu awaepushe na moto wa vichaka, na asitusahau sisi tuliogandishwa.

Ndugu yako, anayekupenda kuliko anavyojua kuandika,
Humphrey

Jumatatu. Nimeifungua tena bahasha. Hospitali wamepiga simu: upasuaji umesogezwa hadi wiki ijayo. Daktari ana mafua.