Maji ya Ndiva Yaligawanywa Uani Kwangu

Kighare, Ugweno
9 Agosti 1954

Mdogo wangu Aminieli,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na sabuni. Ng'ombe kazaa jike. Goti bado linauma, lakini kanisani nafika kabla ya vijana.

Uliandika kwamba bwana wako huko Tanga, yule Mswisi, anajisifu kuwa nchi yao haikupigana vita, na sasa wakubwa wa dunia wamekwenda kwao Geneva kupatana. Mwambie hata Ugweno yupo Mswisi, ndiye mimi. Watu wa juu na watu wa chini walitoleana mapanga kwa ajili ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kila upande ukakataa kukanyaga kwa mwenzake. Nikasema, "Njooni uani kwangu." Nikaapa sitafungulia shamba langu maji mpaka wapatane. Siku kumi na nane! Jumanne wakagawana zamu, wakala mbuzi wangu. Jumbe mwenyewe alikuwa ameshindwa.

Mwanangu Ruthi tu ndiye haji tena. Kaolewa juu, akataka niwatetee wakwe zake. Alisimama mbele ya watu akauliza, "Baba, mimi ni mtoto wako au mgeni wako?" Nikamjibu, "Leo ni mgeni, kaa na wenzako." Akaondoka.

Mwandikie wewe. Mimi ni baba yake, sianzi. Ila mwambie maharage yangu yalikauka yote, nami nikiyaangalia.

Ni mimi kaka yako,
Sefania, mpatanishi