Ukurasa Uliofunguka Upesi

Ijumaa, Novemba 1999. Joto la kunata, nami sina hata hamu ya kuwasha feni.

Salim ameoa.

Nianze na Zuhura, maana yeye ndiye aliyenichoma zaidi.

Zuhura ni shoga yangu tangu chuo cha Kurani, na ana duka la intaneti hapa Mji wa Kale. Watu humfuata kwa sababu kurasa kwake hufunguka upesi. Siri alinieleza mwenyewe: ukurasa ukishatoka ng'ambo mara moja, kompyuta yake kubwa huweka nakala, na anayeuomba baadaye hupewa ile ya hapa hapa, bila kungoja laini ya simu ijikokote tena mpaka ng'ambo. Nikamwona bingwa.

Kila Ijumaa nilikwenda kwake kuangalia ukurasa wa Salim, mchumba wangu aliyeko Dubai. Barua zake zilikuwa zimepungua, lakini picha yetu ya posa ilikuwepo, na roho yangu ikitulia. Harusi ni baada ya mfungo, nilimwambia mama.

Leo nilikuwa na shughuli Feri, nikaingia duka la intaneti la huko. Ukurasa ulijivuta. Picha ikashuka kipande kipande: kilemba cha Salim, meno yake, kisha bibi harusi.

Si mimi.

Nilidhani mashine imekosea. Nikarudi mbio kwa Zuhura, nikafungua. Papo hapo nikajiona, nacheka kando ya Salim.

Zuhura alinitazama uso tu, akajua.

"Wallahi nalitaka kukwambia, shoga yangu. Roho haikunipa."

Aliiona picha mpya kabla yangu, akaiamuru kompyuta yake ishikilie nakala ya zamani, nisije nikaona.

Hilo labda ningemsamehe. Lakini juzi tulikwenda Biashara Street, yeye, mama na mimi, kununua kanga za harusi. Doti zote alizichagua Zuhura. Alizikunjua, akaniwekea begani, akasema zitanipendeza.

Alijua!

Nilimwambia aifute ile nakala mbele yangu. Akaifuta huku analia, nami nikaondoka bila kumuaga.

Sasa niko nyumbani. Mama yumo chumba cha pili, anazitia pindo kanga zile. Naisikia cherehani yake. Nimeshanyanyuka mara kadhaa niende nikamwambie.

Roho hainipi.