Kibandiko Kilichohama

Dada yangu,

Huku sote tu wazima, inayokohoa ni cherehani tu. Umeniuliza habari za dawa za homoni, maana nawe umekoma hedhi. Vidonge vilinichafua tumbo, daktari akanibadilishia kibandiko cha kubandika nyongani. Lile joto la kunivamia limepungua pamoja na hasira zake, na wateja wameacha kuniachia vitambaa mlangoni na kukimbia.

Shemeji yako yuko kwenye kochi tangu nilipomfukuza kitandani kwa kosa la kupumua. Hayo tuyaache.

Jana niliamka, kibandiko hakipo. Nikapekua mashuka, nikapindua hata suruali ya mteja, nikihofia nimekishona humo. Kumbe shemeji yako yuko bafuni kifua wazi, ananyoa ndevu, na kibandiko kimemganda mgongoni.

"Kimefikaje huko?"

"Sebuleni kuna mbu," akasema bila kugeuka.

Nikakibandua taratibu, nikajibandika kipya. Alipokwenda kazini, nikarundika vitambaa vyote vya wateja juu ya kochi, pasibaki hata pa paka kujikunyata.

Mdogo wako,
Fundi