Kiti cha Mama kwenda Karatu

Njiro, 4 Septemba 2024

Dada Vaileth,

Shikamoo dada. Mama anaamkaje? Nyonga bado inamsumbua asubuhi? Shemeji Sifaeli na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia barua kwa sababu tukishika simu tunaishia kukatiana. Ni safari ya Karatu tarehe 28, harusi ya Elinami. Ndiye kitinda mimba wa Mama, lazima amwone akifunga ndoa. Naomba Mama apande gari letu jipya. Si kujisifu, dada, ila ndani ni sebule kabisa. Viti saba. Mstari wa katikati unasogea nyuma mpaka mtu ananyoosha mguu, na kiti kinalala. Gari la shemeji lilibeba watalii, sasa linabeba ndizi. Kiti chake ni benchi la kanisani. Saa tatu njiani, na nyonga ile iliyotiwa chuma?

Halafu tukirudi apumzike kwangu wiki mbili. Tangu niolewe hajalala kwangu hata siku moja.

Mdogo wako,
Anneth

Akheri, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Anneth,

Marahaba. Mama anaamka salama, uji anamaliza. Sukari uliyompa Sifaeli imefika, ahsante. Msalimie mumeo Ludovick.

Gari lenu nalijua. Jumapili ile mlipokuja, mkiwa ndani mnakunywa chai, nilichukua futi yangu ya cherehani nikaingia. Katikati nafasi ipo, sikatai. Nikapanda mstari wa nyuma kabisa. Magoti yakanigonga kidevu. Nilifurahi, Anneth. Nilikaa pale nikafurahi peke yangu.

Tangu siku ile Mama hana habari nyingine. Namwogesha, ananiambia, "Kiti cha Anneth kinakumbatia mgongo." Namlisha, anasema, "Kwa Anneth kuna kibaridi kinatoka juu." Miezi saba sasa namgeuza kitandani, sijasikia akisema mikono yangu inakumbatia.

Tena daktari amekataza. Amesema viti laini vinavyodidimia hapana, nyonga itateguka. Basi Mama atapanda kwetu.

Dada yako,
Vaileth

Njiro, 14 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote.

Kama daktari amesema, sina la kubisha. Ila nililia. Ludovick akaniambia, "Nyie hamgombanii kiti, mnamgombania mama yenu." Ni kweli. Wewe unaye kila siku. Mimi nimepewa Jumapili, na nikifika unanikaribisha kama mgeni wa usharika. Ukimshika mkono unasimama kati yetu, hata hujui kwamba unafanya hivyo.

Tutakuja nyuma yenu njia nzima.

Mdogo wako,
Anneth

Akheri, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama yuko kitandani, maumivu yamepungua, anakuulizia.

Nimekaa na kalamu hii siku tatu. Wewe uliona tulipofika tu, hukuona ya ndani ya gari njiani. Tulipopita Mto wa Mbu alianza kutoka jasho. Kila tuta alishika mkono wangu. Kule kwenye kona za kupanda nikamwambia Sifaeli asimame, Mama akasema, "Endeni, mwanangu ananisubiri." Mlangoni pa kanisa hakuweza kushuka.

Wewe ndiye uliyelaza kiti chenu. Wewe na Ludovick mkambeba, mkamlaza humo. Ukaniambia, "Ingia wewe dada, mmoja wetu amwone Elinami." Nikaingia. Elinami alikuwa mbele, anageuka kila mara kumtafuta Mama mlangoni. Mama akaisikia ndoa ya mwanawe kwenye spika, akiwa uwanjani.

Anneth, daktari hakukataza gari lenu. Alisema tu asikae chini kuliko magoti yake, awekewe mto mgumu. Mto ningeushona mwenyewe kwa saa moja. Sikutaka afike Karatu akiusifia ukarimu wako.

Siombi unisamehe leo. Nimetaka ujue.

Dada yako,
Vaileth

Njiro, 3 Novemba 2024

Dada Vaileth,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi, nikachana. Elinami na mkewe walikuja, akauliza kwa nini Mama hakuingia kanisani. Nikasema ni nyonga. Jina lako sikulitaja, na si kwa wema. Na mimi nina langu.

Mlipokuwa ndani, Mama alianza kuumia kwa kulala upande mmoja. Akasema, "Vaileth, nigeuze." Nikamwambia, "Mama, ni Anneth." Akasema, "Najua. Niitie Vaileth."

Sikukuita. Ludovick alitaka kukufuata, nikamkataza. Nikamwambia Mama ibada imeanza, huwezi kutoka. Nikafunga mlango na kumgeuza mwenyewe. Nilimvuta mguu, akalia kwa sauti. Ule uvimbe mliouona jioni, dada, si wa gari la shemeji. Ni wangu.

Mama ana kliniki Jumatatu ya tarehe 11. Nataka kumpeleka, kisha alale kwangu akikubali mwenyewe. Ila naogopa kumgusa. Niambie anageuzwaje.

Mdogo wako,
Anneth

Akheri, 5 Novemba 2024

Anneth,

Marahaba, mdogo wangu. Mama amekubali. Tangu jana ameniamuru nifunge kanga zake.

Barua yako niliisoma bandani kwa ng'ombe, nikakasirika, nikakaa huko mpaka ilipopita. Sasa sikiliza.

Kwenye gari aanze kukaa kwa makalio, miguu iingie baadaye, yote miwili pamoja. Mto nimeushona, uko ndani ya kapu.

Kitandani, mguu mbaya ni wa kulia. Mwambie kwanza kabla hujamgusa, anachukia kushtukizwa. Weka mto kati ya magoti. Mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, umlete kwako mwili mzima kwa pamoja. Mguu usiuvute kamwe. Atasema unamuumiza hata kama humuumizi. Usiache katikati, malizia, halafu mpake mafuta mgongoni taratibu, hapo atanyamaza.

Na akiniita, usinipigie simu. Mgeuze wewe.

Dada yako,
Vaileth